Ubingwa wa Siku ya Jumatatu

Mjomba wangu ni Mjita, na kwake mwaka 1980 una siku moja tu. Ni siku ile ya mwanzoni mwa Agosti ambapo Suleiman Nyambui, aliyezaliwa hukohuko Majita mkoani Mara, alimaliza wa pili katika fainali ya mita 5,000 ya Olimpiki ya Moscow. Mjomba alikuwa mvulana wa shule ya msingi. Habari aliipata redioni, watu wazima wakiwa wameizunguka redio moja kama wanaota moto. Mpaka leo anakusimulia mzunguko wa mwisho kana kwamba alikuwa amekaa jukwaani: jinsi Miruts Yifter wa Ethiopia alivyochomoka, jinsi Nyambui alivyomfukuza, na jinsi walivyopishana kwa muda usiofika sekunde moja. Siku moja kabla, Filbert Bayi alikuwa amechukua fedha katika mbio za kuruka viunzi na maji. Medali hizo mbili ndizo pekee ambazo Tanzania imewahi kupata kwenye Olimpiki, kwa hiyo mjomba ana haki ya kuzirudia.

Miaka mingi baadaye nilikwenda kusoma Marekani, katika chuo kikuu kimoja cha jimbo, katikati ya nchi. Jumamosi ya kwanza ya Septemba nilitoka bwenini nikadhani kuna maandamano. Mji mzima ulikuwa umevaa rangi moja. Wazee wenye mikongojo, watoto wa kubebwa, madereva wa mabasi, wote na fulana za chuo, ingawa wengi wao hawakuwahi kusoma pale. Walikuwa wanakwenda kutazama futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Watu zaidi ya 60,000 waliingia, yaani Uwanja wa Benjamin Mkapa umejaa pomoni, tena kwa ajili ya wanafunzi. Nikamtumia mjomba picha. Jibu lake lilikuja usiku: "Hongera mjomba. Na Nyambui naye walikuwa wanamjazia hivi?"

Aliuliza kwa sababu anajua jambo ambalo wengi wetu hatulijui, kwamba wakati anakimbia Moscow, Nyambui alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, kwa kifupi UTEP, kwenye mpaka wa Marekani na Meksiko. Niliwauliza wenzangu darasani. Hakuna aliyewahi kulisikia jina hilo. Mmoja, mzaliwa wa El Paso hasa, aliniambia hamjui, ila kama napenda historia ya michezo ya chuo chao, nitafute filamu ya mpira wa kikapu inayoitwa *Glory Road*.

Nikaitafuta. Kisha nikatafuta na mengine, na hapo ndipo swali la mjomba liliponing'ang'ania.

UTEP kina mataji 21 ya taifa ya daraja la juu la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani. Taji moja ni la mpira wa kikapu, la 1966. Mataji 20 yaliyobaki ni ya wakimbiaji, warukaji na warushaji: 7 ya mbio za nyika, 7 ya riadha ya ukumbini, 6 ya riadha ya uwanjani. Karibu yote yalipatikana kati ya 1974 na 1982, na Waafrika ndio waliokuwa uti wa mgongo wa timu hizo. Nyambui peke yake alikuwa bingwa wa vyuo wa mita 10,000 mara 4 mfululizo, 1979 hadi 1982, na bingwa wa mbio za nyika 1980. Alikuwapo Gidamis Shahanga, Mtanzania mwenzake, aliyekwisha kushinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola 1978. Alikuwapo Mkenya Michael Musyoki. Katika mbio za nyika za vyuo, timu hupata pointi kulingana na nafasi za wakimbiaji wake 5 wa kwanza, na yenye pointi chache ndiyo bingwa. Ukishika nafasi ya 1 hadi ya 5 zote, unapata 15, na huwezi kwenda chini ya hapo. Mwaka 1981 UTEP walipata 17. Hakuna timu iliyowahi kufanya vizuri zaidi kwenye mashindano hayo ya taifa.

Taji moja lina filamu. Mataji 20 yana mjomba wangu.

Majibu ya haraka yapo, na kila niliyemuuliza alikuwa nalo moja. Mbio zinachosha kutazama. Wale walikuwa wageni. Wale walikuwa weusi. Nitarudi kwenye hayo mawili ya mwisho, maana yana ukweli ndani yake. Lakini la kwanza, kwamba michezo mingine ina mvuto wa asili na mingine haina, nilianza kulitilia shaka niliposoma jinsi michezo ya vyuo vya Marekani ilivyoanza. Haikuanza na futiboli wala kikapu. Ilianza majini.

Mwaka 1852 kampuni moja ya reli ilikuwa imefikisha njia yake karibu na ziwa Winnipesaukee, jimbo la New Hampshire, na ilihitaji abiria. Msimamizi wake akawaendea wanafunzi wa Yale waliokuwa wanapiga makasia kwa kujifurahisha, akawaambia: mkiwaalika Harvard mshindane ziwani, sisi tutawalipia kila kitu, nauli, chakula na malazi. Vijana wakakubali, nani angekataa likizo ya bure? Tarehe 3 Agosti Harvard wakashinda, na mashindano hayo ndiyo yanayohesabiwa kuwa ya kwanza kabisa kati ya vyuo viwili Marekani. Hayakubuniwa na mwalimu wala na mwanafunzi. Yalibuniwa na mtu wa kuuza tiketi za treni.

Kwa miaka zaidi ya 20 makasia ndiyo yaliyokuwa mchezo mkubwa wa vyuo. Mwaka 1874 na 1875 mashindano yalifanyika Saratoga, mji wa mahoteli na mbio za farasi katika jimbo la New York. Magazeti yaliandika, watu walimiminika, dau za kamari ziliwekwa. Mwaka 1875 vyuo 13 vilileta mitumbwi. Ungemwambia mtu wa siku ile kwamba miaka michache baadaye makasia yatakuwa mchezo wa watu wachache, angekucheka.

Nilipomweleza mjomba hadithi hii kwa simu, hakushangaa. Kwao ziwani mitumbwi ilishindanishwa siku za sikukuu, na kijiji kizima kilisimama ufukweni. "Nani alilipa kuangalia?" aliniuliza. "Huwezi kuweka geti ziwani."

Hapo alikuwa amegusa nusu ya jibu. Mashindano ya makasia hayazungushiwi uzio. Anayesimama ukingoni anaona bure, tena anaona kidogo tu, kwa sababu mitumbwi inampita na kutokomea. Aliyepata faida Saratoga alikuwa mwenye hoteli na mwenye reli, si chuo. Nusu nyingine ya jibu inahusu jeuri. Mwaka 1871 chuo kidogo cha kilimo cha Massachusetts kiliwashinda Harvard, na miaka iliyofuata Cornell, chuo kichanga, nacho kikaanza kuchukua ushindi. Wakubwa hawakupendezwa. Baada ya 1875 Yale na Harvard walijitoa, wakaamua kushindana wawili peke yao kama watani wa jadi wasiotaka mtu wa tatu. Wanashindana hivyo hadi leo. Mashindano ya wengi yalipoteza majina yaliyokuwa yanavuta watu, na umati ukatafuta pa kwenda.

Futiboli ilikuwa inausubiri. Rutgers na Princeton walikuwa wamecheza mechi ya kwanza tarehe 6 Novemba 1869, watu 25 kila upande, mchezo uliofanana zaidi na soka kuliko futiboli ya leo. Rutgers walishinda 6 kwa 4. Sheria ziliendelea kubadilika. Kijana wa Yale, Walter Camp, ndiye aliyezisukuma kuelekea umbo tunalolijua, wachezaji 11 na zamu ya kumiliki mpira. Lakini kwangu Camp si sehemu ya kuvutia ya hadithi. Ya kuvutia ni kalenda na uzio. Futiboli ilichezwa msimu wa majani kupukutika, wanafunzi wakiwa wamerudi vyuoni, mavuno yamekwisha, baridi kali haijaingia. Kuanzia 1876 fainali yao ikawekwa siku ya Shukrani, sikukuu ambayo ofisi zimefungwa, na punde ikatia mizizi New York, penye magazeti yanayogombania wasomaji. Joseph Pulitzer alinunua gazeti la *World* mwaka 1883 na akajua la kufanya na vijana wenye matope usoni. Katika miaka ya 1890 Yale na Princeton waliweza kukusanya watu kama 40,000 siku ya Shukrani. Wote walipita mlangoni, na mlangoni kulikuwa na kiingilio.

Kwa nini si besiboli, ambayo Wamarekani wenyewe waliiita mchezo wa taifa? Vyuo vilianza kuicheza 1859, miaka 10 kabla ya futiboli. Ila besiboli ilikuwa na ligi ya kulipwa tangu miaka ya 1870, na msimu wake mtamu ni kiangazi, wakati wanafunzi wako makwao. Chuo kilikuwa kinauza bidhaa ambayo jirani anauza iliyo bora zaidi. Futiboli ya kulipwa haikupata ligi ya maana mpaka 1920. Kwa nusu karne vyuo vilikuwa na duka peke yao.

Jambo hili lilinifanya niangalie kwetu kwa jicho jingine. Mara nyingi tunasema michezo ya vyuo vikuu vyetu haina mashabiki kwa sababu hatuna viwanja au hatuna vipaji. Lakini Yanga ilianzishwa 1935 na Simba 1936. Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa 1961. Mwanafunzi wa kwanza alipoingia Mlimani, moyo wake ulikuwa umekwisha kuchukuliwa tangu utotoni, na hakuna timu ya kitivo ingeweza kuurudisha. Kenya wana mfano wa kinyume: raga, ambayo haina Simba wala Yanga, iliacha nafasi, na timu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Mean Machine, ikaingia na kujijengea jina na mashabiki wa kweli.

Marekani kulikuwa na sababu nyingine ya nguvu. Sheria ya Morrill ya 1862 ilizipa serikali za majimbo ardhi ili zianzishe vyuo vya kilimo na ufundi. Vyuo hivyo viliwekwa katika miji midogo, mbali na timu zozote za kulipwa, na viliendeshwa kwa kodi za wakulima ambao wengi hawakuwa na mtoto chuoni. Mkulima wa Nebraska atapendaje chuo asichokisoma? Rais wa chuo aliyekuwa na akili alijua kwamba mhadhara wa kemia haujazi watu. Jumamosi ya futiboli ilimpa mkulima kitu cha kuita chake. Wale wazee wenye mikongojo niliowaona Septemba ile walikuwa wajukuu wa mpango huo.

Basi ni mchezo wenyewe, au ni tukio linalouzunguka? Historia imefanya majaribio kadhaa, bila kukusudia.

Mwaka 1905 futiboli ilikuwa imegeuka ya kuua. Magazeti yalihesabu vijana karibu 20 waliokufa msimu huo, vyuoni na nje ya vyuo. Rais Theodore Roosevelt aliwaita Ikulu wawakilishi wa Harvard, Yale na Princeton. Mwaka uliofuata kikaanzishwa chama ambacho baadaye kilikuja kuitwa NCAA, na kurusha mpira mbele kukaruhusiwa ili kupunguza msongamano wa miili. Vyuo viwili vikubwa vya pwani ya magharibi, Stanford na California, vilikwenda mbali zaidi: mwaka 1906 viliacha futiboli kabisa, vikacheza raga. Je, watu walisusa? Hawakususa. Waliendelea kujaa kwenye mechi ya watani hao wawili, kwa nyimbo zilezile na rangi zilezile, ingawa mchezo uliokuwa uwanjani ulikuwa mwingine. (Raga hiyo haikupotea bure. Marekani ilichukua dhahabu ya raga kwenye Olimpiki za 1920 na 1924, na waliotoka California na Stanford walikuwa wengi. Waulize Wamarekani wangapi wanajua.)

Jaribio la pili lilikuwa Chicago. Chuo Kikuu cha Chicago kilikuwa kigogo wa futiboli. Mchezaji wake Jay Berwanger ndiye wa kwanza kupewa tuzo inayoitwa Heisman, mwaka 1935. Miaka minne baadaye rais wa chuo, Robert Hutchins, akaifuta timu ya daraja la juu kwa kuamini kwamba chuo ni mahali pa kusoma. Tarehe 2 Desemba 1942, chini ya majukwaa ya uwanja huo usio na wenyewe, wanasayansi waliendesha mwako wa kwanza wa nyuklia unaojitegemea. Chicago hakikufa kwa kukosa futiboli. Kilibaki chuo kikuu cha kuheshimiwa duniani. Lakini hakuna chuo kikubwa cha jimbo kilichothubutu kukiiga, na nadhani sababu ni saruji. Miaka ya 1920 vyuo hivyo vilikuwa vimejenga viwanja vya kutisha: Ohio 1922, Nebraska 1923, Michigan 1927. Michigan waliuza hati za mkopo kwa wananchi ili kuujenga wao, na leo unachukua watu zaidi ya 107,000. Ukishakopa kujenga jengo kama hilo, huwezi kuamka asubuhi ukasema sasa tutapenda tenisi.

Mpira wa kikapu ulipita njia yake. James Naismith aliubuni Desemba 1891 huko Springfield, Massachusetts, kwa vikapu vya kuwekea matunda, ili vijana wapate la kufanya ndani wakati wa theluji. Ni mchezo uliotengenezwa kuziba pengo la kalenda, na pengo hilo ndilo lililoukuza. Ulihitaji ukumbi tu na watu watano. Mwaka 1934 mwandishi wa habari Ned Irish alianza kupanga mechi mbilimbili za vyuo usiku mmoja katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, na watu wakajaa hata nyakati zile za uchumi mbovu. Mashindano ya taifa yalianza 1939 na timu 8. Mwaka 1985 zilifika 64, na hapo kikatokea kitu ambacho kijana yeyote wa Dar atakielewa bila kufafanuliwa: mkeka. Kila Machi Wamarekani, wakiwamo wasiojua mpira una rangi gani, hujaza karatasi ya kubashiri nani atamtoa nani. Hawatazami kikapu. Wanatazama mikeka yao.

Sasa turudi El Paso.

Tarehe 19 Machi 1966, chuo hicho kikiwa bado kinaitwa Texas Western, kocha Don Haskins alianza fainali na wachezaji watano, wote weusi, dhidi ya Kentucky ya Adolph Rupp ambayo wachezaji wake wote walikuwa weupe. Texas Western wakashinda 72 kwa 65. Ni ushindi uliostahili filamu, na sitaki mtu adhani nawaonea wivu. Wachezaji wale walitukanwa kwa barua baada ya kushinda. Na hawakuwa watoto wa El Paso: walitoka New York, Detroit, Houston, Gary. Walikuwa weusi, walikuwa wageni wa mji, na walikumbukwa. Kwa hiyo majibu ya "weusi" na "wageni" hayatoshi peke yake kueleza kwa nini Nyambui na wenzake walisahauliwa.

Hata hivyo yalikuwa na uzito. Makocha wengine wa Marekani walilalamika miaka ile kwamba UTEP kinaleta watu wazima kutoka nje kuwanyima nafasi vijana wa nyumbani. Malalamiko hayo hayakukosa hoja. Nyambui alizaliwa 1953. Aliposhinda taji lake la nne la mita 10,000 alikuwa na miaka 29, akishindana na wavulana wa miaka 20. Msomaji aamue mwenyewe. Mimi naona tu kwamba hoja ya umri ilikuja na kelele zaidi pale mkimbiaji alipokuwa Mwafrika.

Lakini soma ratiba. Fainali ya kikapu ya 1966 ilikuwa usiku wa Jumamosi, ndani ya ukumbi, na kamera zilikuwapo. Ubingwa wa taifa wa mbio za nyika kwa miaka mingi ulikimbiwa Jumatatu, mwezi Novemba, mara nyingi kwenye viwanja vya gofu, katika mji ambao si wa washindani. Ule wa 1981, wa pointi 17, ulikuwa Wichita, Kansas. Wakimbiaji wanaondoka mbele yako, wanapotelea nyuma ya miti, wanarudi baada ya dakika kadhaa wakiwa wamepangika upya, na wewe umesimama kwenye baridi hujui kilichotokea huko. Hakuna uzio, hakuna jukwaa, hakuna mkeka. Na El Paso kwenyewe kulikuwa na uwanja wa futiboli uitwao Sun Bowl, uliofunguliwa 1963, unaotumiwa na timu ambayo historia yake ina vipigo vingi kuliko sherehe. Chuo kilikuwa kinashinda mahali ambapo hapakuwa na viti, na viti vyake vilikuwa mahali ambapo hakikushinda.

Henry Rono wa Kenya alipata hivyohivyo. Akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, mwaka 1978 alivunja rekodi 4 za dunia katika siku 81: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Ya kwanza aliivunja Berkeley, katika mashindano ya kawaida ya vyuo. Kenya ilisusia Olimpiki za 1976 na 1980, kwa hiyo hata ile redio ya Olimpiki iliyomkuta mjomba wangu haikumkuta Rono. Alifariki Februari 2024.

Natamani ningeishia hapo, kwenye manung'uniko, lakini kuna mambo mawili ya karibuni yaliyonifanya nifikirie upya. Tarehe 30 Agosti 2023 Chuo Kikuu cha Nebraska kilichukua timu yake ya mpira wa wavu ya wanawake, kikaitoa ukumbini, kikatandika sakafu katikati ya uwanja wa futiboli na kuuza tiketi. Waliingia watu 92,003. Mchezo ulikuwa uleule na nyavu zilezile. Kilichobadilika ni mahali, siku, na chuo kuamua kwamba hili ni tukio. Na Aprili 2024 fainali ya kikapu cha wanawake, Iowa ya Caitlin Clark dhidi ya South Carolina, ilitazamwa kwenye runinga na watu zaidi ya milioni 18, zaidi ya waliotazama ile ya wanaume. Kwa miaka mingi wakubwa walikuwa wamesema kikapu cha wanawake hakitazamiki. NCAA haikuwa hata na mashindano yake ya wanawake mpaka msimu wa 1981-82, karibu miaka 10 baada ya sheria ya 1972 kukataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu.

Sheria hiyohiyo, kwa njia ya kuchekesha, ndiyo iliyofufua makasia. Timu ya futiboli inameza nafasi nyingi sana za ufadhili wa wanaume, na chuo lazima kiweke nafasi za wanawake kwenye mizani. Mtumbwi mmoja unabeba watu 9 pamoja na msemaji wake. NCAA ilianzisha ubingwa wa makasia wa wanawake 1997. Wa wanaume, mchezo ulioanzisha yote, hauna ubingwa wa NCAA mpaka leo.

Wakati huohuo uzio umehamia kwenye runinga. Mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, majaji 7 kwa 2, kwamba NCAA haina haki ya kuzuia vyuo kuuza mechi zao za futiboli vipendavyo. Tangu hapo vyuo vinafuata mwenye pesa za matangazo kama ng'ombe wanaofuata maji. Umoja mmoja wa vyuo vya magharibi, Pac-12, ulisambaratika: wanachama 10 kati ya 12 walikuwa wameondoka ifikapo Agosti 2024. Walioachwa ni Jimbo la Oregon na Jimbo la Washington, chuo cha Rono. Pesa zikapungua. Mwaka 2025 chuo hicho kikatangaza kufuta michezo ya kurusha na kuruka katika timu yake ya riadha na kupunguza mbio fupi. Kilichobakizwa ni mbio ndefu.

Nilimpigia mjomba kumweleza. Baada ya shikamoo na habari za mashamba, nikamsimulia habari ya Pac-12, runinga, na vijana wa kurusha mkuki waliobaki bila timu. Alisikiliza kimya. Kisha akarudi palepale alipoanzia.

"Kwa hiyo Nyambui hawakumjazia."

"Hapana mjomba. Zile mbio za nyika zilikuwa Jumatatu."

"Jumatatu?" Nikasikia akimwambia mtu aliyekuwa karibu naye, labda shangazi, kwamba Wazungu waliweka ubingwa wa taifa siku ya Jumatatu. "Jumatatu watu wako kazini, mjomba. Hata sisi tungekuwa ziwani."

Halafu akaniuliza kama nimewahi kusikia ule mzunguko wa mwisho wa Moscow ulivyokuwa. Nikamwambia sijawahi.